Ijumaa Kabla ya Adhuhuri

Simu ya Radim iliingia Jumapili asubuhi, mama yake, Bohdana, akiwa amepiga magoti ndani ya gari lao la kulalia, akipanga chupa za matango ya siki chini ya kitanda. Tangi lilikuwa limejaa mafuta. Vipande vya nyama alivyovivika chenga za mkate na kuvikaanga tangu alfajiri vilikuwa vimepoa na kufungwa kwenye karatasi, maana Mcheki mwenye akili timamu haondoki nyumbani kwenda safari ya zaidi ya saa moja bila nyama hizo. Otomar, mume wake, alikuwa kwenye kiti cha abiria, mkanda ameshafunga, anasubiri.

"Mama, nafasi imepatikana," alisema Radim.

"Nafasi gani?"

"Ya baba. Kwenye ile nyumba ya wazee. Walinipigia juzi, nikashindwa kukwambia. Wanataka aingie Ijumaa hii, kabla ya saa sita mchana. Asipofika anapewa anayefuata, na sisi tunarudi mwisho wa foleni."

"Walisema mwezi wa kumi."

"Kuna mtu amekufa, mama."

Bohdana aliyatazama matango. Yalikuwa yamekaa vizuri. "Haya," akasema.

Hilo "haya" ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu tangu miaka miwili nyuma. Daktari alipomweleza kwamba ugonjwa wa kusahau wa Otomar hautarudi nyuma, alisema haya. Jirani alipomrudisha Otomar kutoka katikati ya shamba la ngano la watu, amevaa nguo za kulalia, alisema haya, akampa jirani mayai sita. Watu walimsifu kwamba ana moyo wa chuma. Hakuwa na moyo wa chuma. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi tu, na kwa anayetazama kutoka nje vitu hivyo viwili havina tofauti.

Huyu Bohdana alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne. Watoto mia mbili na themanini kila siku, na kila Ijumaa ilimbidi abandike mlangoni chakula cha wiki nzima inayokuja. Kwa hiyo hata safari aliipanga hivyo hivyo: karatasi moja, mistari kwa rula, siku upande wa kushoto, mahali upande wa kulia. Jumatatu na Jumanne, milima ya Šumava. Jumatano hadi Jumamosi, mabwawa ya samaki ya kusini. Wiki ya pili na ya tatu, Moravia kwenye mizabibu, kwa sababu Otomar aliahidi kumpeleka huko tangu walipooana na kila mwaka likazuka jambo. Karatasi ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la gari. Sasa alichukua penseli, akaikata wiki ya pili, akaikata ya tatu. Jikoni alifanya hivyo mara nyingi: nyama haikuletwa, unakata nyama, unaandika dengu, watoto wanakula. Moravia ikaenda na penseli, naye akafunga kabati.

"Nani huyo?" aliuliza Otomar.

"Radim. Anasema tusafiri salama."

"Mwambie avae vizuri, kuna baridi."

Ilikuwa mwezi wa nane na jua linachoma. Bohdana aliwasha gari.

Otomar naye alikuwa dereva wa mabasi ya vijijini kwa miaka thelathini na minane, na alikuwa mtu wa dakika. Basi lake likipangiwa kuondoka saa kumi na mbili na dakika saba, ukifika na dakika nane unakuta moshi. Bibi vizee walimwapiza hadharani, yeye hakugeuza hata shingo. Kisha Bohdana akaanza kazi kule shuleni, na basi la saa kumi na mbili na saba likaanza kuondoka na tisa. Abiria walitazama saa, wakatazamana, wakaelewa. Kijiji kizima kilijua hawa wataoana kabla wenyewe hawajaambiana neno.

Ugonjwa ulimla kwa namna ya ajabu. Alisahau kama amekula, alisahau mwaka, alisahau kwamba dada yake amekufa na kila Jumapili alimuulizia. Lakini barabara zote zilikuwa kichwani mahali pake, kila kona, kila kituo, kila daraja la kupita gari moja moja. Leseni daktari alimnyang'anya. Bohdana akajifunza kuendesha akiwa na miaka sitini na minne, na mpaka leo anaendesha kama mtu aliyebeba sufuria ya supu ya moto: taratibu, mikono miwili, macho mbele, na trekta nyuma linampigia honi. Gari lenyewe zamani lilikuwa la kusambazia mikate. Otomar alilinunua alipostaafu, akalitilia kitanda, jiko na kabati kwa mikono yake, kazi ya miaka miwili. Alilimaliza mwaka ule ule alioanza kusahau misumari ameiweka wapi.

Basi Bohdana alikuwa na mambo mawili mbele yake na siku tano za kuyamaliza. La kwanza, kuamua: ampeleke Ijumaa, au apige simu aseme nafasi wampe mwingine. La pili, kumwambia. Kumpeleka bila kumwambia alikataa kabisa. Mtu aliyepeleka watu maisha yake yote ana haki ya kuambiwa yeye anapelekwa wapi.

Šumava hawakuiona. Nchi ile, jua likitoka tu, wanachimba barabara, na wanazichimba zote kwa pamoja ili pasiwe na wivu. Walikuta kizuizi, wakafuata vibao vya njano vya kuzunguka, wakakuta kizuizi kingine, na vibao vya njano vya pili vikawarudisha kwenye vya kwanza. Saa tisa alasiri walipita kwa mara ya tatu mbele ya bwana mmoja aliyekuwa anapaka rangi uzio wake. Mara ya kwanza aliwatazama, mara ya pili akawapungia mkono, mara ya tatu akainua chupa ya bia kuwasalimu.

"Kushoto pale penye msalaba," alisema Otomar.

"Kibao kinasema moja kwa moja."

"Kibao hakijawahi kuendesha basi. Kushoto, Danka." Bohdana kwake alikuwa Danka tangu ujana.

Alikata kushoto. Njia ya mashamba, vumbi, kisha msitu wa misonobari, kisha bwawa pana lililotulia, na kambi yenye nyasi zilizokatwa na vibanda vitatu. Mwenye kambi aliwaambia pamejaa. Halafu akamtazama Otomar vizuri, akasema wasimame pale nyuma ya choo, maana utotoni huyu mzee alikuwa akimpeleka shule kwa basi. Bohdana alifungua kabati, akakata Šumava, akaandika: bwawa.

Jumatatu jioni, wakila supu, alimwambia. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi. Alimwambia kuna nyumba nzuri, ina bustani, kuna wauguzi, na yeye atakuja kila siku kasoro Jumatano.

Otomar aliweka kijiko. Alielewa yote. Hilo ndilo watu wasiloliamini wakisimuliwa habari za wagonjwa hawa, kwamba kuna saa wanaelewa yote.

"Unanishusha," alisema.

"Sikushushi, Ota. Siwezi tena. Nina miaka sitini na sita."

"Miaka thelathini na minane sikumwacha abiria njiani. Hata mlevi. Hata yule aliyenitapikia. Wewe unanishusha mimi!" Akapiga ngumi juu ya kijimeza alichokitengeneza mwenyewe, supu ikamwagika, na watu wa gari la jirani wakageuka wakatazama maji.

Bohdana alijua kwamba maneno yale yalitakiwa yamuume. Alisubiri yaume. Akafuta supu, akaosha sahani, akamvika sweta, akamlaza. Hayakuuma. Alilala upande wake, akahesabu kesho kuna mayai mangapi.

Asubuhi Otomar aliamka mwepesi, akanyoosha viungo, akauliza, "Leo tunakwenda wapi?"

Jumanne walikuwa waende kwenye magofu ya ngome juu ya kilima. Mvua ikanyesha. Haikuwa mvua ya mchezo. Ilikuwa ile ya kulowesha mpaka soksi zilizo ndani ya sanduku. Mwenye kambi alikuja na buti za mpira, akawaambia wahamishe gari, bwawa linapanda. Wakapanda kilima kingine, wakasimama kwenye uwanja wa mpira wa kijiji kimoja, na Bohdana akakata magofu, akaandika: uwanja. Mchana Radim alipiga simu akasema Alhamisi waje walale kwake Plzeň, watoto wanataka kumwona babu. Akaandika Plzeň. Baada ya saa moja Radim akapiga tena, watoto wana homa, wasije. Akakata Plzeň.

Mvua ikigonga bati juu ya vichwa vyao, alimwambia mara ya pili. Safari hii hakupanga maneno. Nyumba, bustani, wauguzi, Ijumaa. Aliyasema kama anayesoma ubaoni basi gani linatoka saa ngapi.

Otomar hakupiga meza. Alilia. Alilia bila sauti, machozi yakishuka yenyewe kwenye mikunjo ya uso mpaka kwenye kola, na mikono ameiweka juu ya magoti. Bohdana alikaa karibu naye, bega kwa bega. Kidogo kidogo machozi yakakoma, na Otomar akagusa shavu lake, akatazama kidole.

"Danka, mbona nimelowa?"

"Paa linavuja," alisema Bohdana.

"Paa langu? Haiwezekani!" Akainuka palepale, akachukua tochi, na kwa saa nzima alikagua kila ungio la paa, anapapasa, anagonga, anakoroma kwa hasira. Hakupata tone. "Kavu kabisa," alitangaza, akiwa na furaha isiyo kifani. "Nilijua. Unanisingizia tu." Walikula nyama baridi na matango, na Otomar alikula vipande vitatu.

Jumatano ndiyo siku aliyopotea Otomar.

Ilikuwa kijiji kiitwacho Lhotka, na usiniulize Lhotka ipi, maana vijiji vya jina hilo nchini humo huwezi kuvimaliza. Waliingia kununua mkate tu. Bohdana alimwacha ndani ya gari, kioo kimeteremshwa nusu, akaingia dukani, akangoja nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anasimulia upasuaji wake wa nyonga. Alipotoka, kiti kilikuwa kitupu na mlango wazi.

Alikwenda upande wa kanisa, akaenda upande wa mto, akaita. Hakuna. Akaenda ofisi ya kijiji, chumba kimoja chenye maua ya plastiki na kipaza sauti juu ya meza, na nyuma ya kipaza sauti bibi mnene wa miaka hamsini hivi, jina lake Svatava, anakunywa kahawa.

"Mume wangu amepotea."

"Pole, mama. Tangu lini?"

"Sijui. Robo saa. Ana ugonjwa wa kusahau."

"Amevaaje?"

"Shati la kahawia. Suruali ya kahawia."

"Mama'ngu, hapa wazee wote wamevaa kahawia. Nikitangaza hivyo nitajaziwa ofisi." Lakini alikuwa ameshavuta kipaza sauti. "Nitamtangaza baada ya kuku. Tangazo la kuku lina saa yake, mwenyewe ameshalipia."

Kijiji kizima, kwenye kila nguzo ya pili ya umeme, kina kipaza sauti, na hakuna tangazo linalotoka bila kutanguliwa na muziki wa matarumbeta. Basi matarumbeta yakalia, wimbo mzima, Svatava akitingisha kichwa na Bohdana amesimama na mkate mkononi. Kisha Lhotka ikaarifiwa kwamba kesho saa tatu, mbele ya kituo cha zimamoto, watauzwa kuku wachanga wekundu na weusi, waliochanjwa. Kisha ikaarifiwa kwamba Bwana Otomar, mwenye shati la kahawia, anasubiriwa na mke wake ofisini.

Walisubiri. Hakutokea mtu.

"Mume wangu mimi ningemtangaza hivyo ndiyo angekimbia moja kwa moja," alisema Svatava. Alipoona mzaha haukumchekesha mtu, akashika simu. "Ngoja niwaite vijana wa zimamoto. Wewe kaa hapo nje kwenye benchi, mama, umekuwa mweupe. Akipita umwone."

Bohdana alikaa kwenye benchi mbele ya ofisi, chini ya mti mkubwa wa kivuli uliokwisha kuchanua. Kulikuwa na nyuki, na paka kwenye ukuta. Aliweka mkate mapajani. Ulikuwa bado wa moto, akamega ncha akaitafuna. Jua lilimpiga magotini. Aliegemea, akafumba macho, akasikia mabega yake yanashuka, kwanza la kushoto, kisha la kulia.

Alipofumbua macho, saa ya kanisa ilionyesha kwamba dakika arobaini zimepita tangu atoke dukani. Mkate ulikuwa umebaki nusu. Na akagundua kwamba kwenye benchi lile hakuwa amemtafuta. Hakuwa ametazama barabarani hata mara moja. Alikuwa amepumzika. Mume wake yuko kandokando ya mto mahali fulani, mvua ya jana bado imeujaza, na yeye alikuwa anakula mkate juani na anaona raha.

Hakujichukia. Angependa kusema alijichukia, na baadaye alijaribu. Alichokiona ni kwamba ameisha, kama vile gesi inavyoisha kwenye mtungi: unawasha kiberiti, unazungusha, hakuna kitu, na si kosa la jiko. Hapo ndipo alipoamua kuhusu Ijumaa.

Kisha akasimama, akarudi ndani.

"Ngoja nikwambie la kusema," alimwambia Svatava.

"Mpaka muziki kwanza."

"Bila muziki. Sema hivi: Dereva Otomar, basi la saa nne na robo la kwenda Tábor bado liko kituoni. Abiria wanasubiri."

Svatava aliondoa mkono kwenye kitufe cha muziki. Akawasha kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Lhotka likatoka tangazo bila matarumbeta.

Hazikupita dakika tano. Alitokea upande wa bustani za nyuma, anakimbia kwa magoti yasiyokunjika, mifuko imejaa matufaha mabichi, uso umewiva kwa hasira.

"Nani kachelewesha basi?" alifoka kabla hajafika. "Dakika kumi na moja! Dakika kumi na moja, na hakuna mtu aliyenipigia! Nitaandika ripoti!"

"Utaniletea mimi hiyo ripoti, dereva!" Svatava alimjibu kutoka dirishani.

"Nitakuletea kweli! Usifikiri nakutania!"

"Njoo nayo na kuku nikuuzie!"

Alilifikia gari, akashika mlango wa dereva, akamwona Bohdana, akasita. Mkono wake ulibaki kwenye kitasa.

"Leo umebadilishiwa zamu, Ota," alisema Bohdana. "Mimi naendesha. Wewe ukague njia."

"Wamebadilisha tena?"

"Wamebadilisha tena."

"Hawana mpango hawa," alisema Otomar, akazunguka upande wa pili, akafunga mkanda.

Alhamisi walilala kwenye shamba la mtu karibu na nyumbani, kilomita ishirini tu. Bohdana hakutaka kurudi nyumbani kwanza, maana alijua akimwona Otomar kwenye kiti chake cha jikoni, Ijumaa haitafika. Kulikuwa na miti ya plamu kando ya barabara, na mwenye shamba aliwaletea maziwa. Walikaa nje kwenye viti vya kukunja. Otomar alikuwa ametulia, anamenya tufaha kwa kisu, ganda refu moja lisilokatika.

Akamwambia mara ya tatu. Nyumba, bustani, wauguzi. Kesho.

Otomar alimaliza kumenya. Alikata kipande, akampa. "Kuna watu wa kuongea nao?"

"Wapo wengi."

"Na wewe utapumzika."

"Nitapumzika."

"Vizuri," alisema Otomar. "Umekonda, Danka. Hukuwa hivi."

Kama ungekusanya wema wa mwaka mzima, sijui kama ungefikia jibu lile. Na Bohdana, kwa yale aliyokuwa amebakiza ya kuhesabia, alihesabu. Jumatatu alimwambia akakataa. Jumanne alimwambia akalia. Alhamisi alimwambia akakubali. Aliamua kwamba jibu ni la Alhamisi. Jikoni ukionja mchuzi mara ya tatu ukakuta umekaa sawa, unaacha kuonja, unapakua. Alijua kabisa kwamba si sawa na mchuzi. Alijua kwamba kesho asubuhi akimuuliza tena huenda angepata jibu jingine, na kwa sababu hiyo hakumuuliza. Alifungua kabati akatazama karatasi yake, haikuwa na nafasi tena ya kuandika, imekatwa yote. Akaibandua, akawashia moto wa chai.

"Leo tunakwenda wapi?" aliuliza Otomar Ijumaa asubuhi.

"Kule nilikokwambia jana."

"Aa," alisema Otomar, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuonekana amesahau.

Walifika saa nne na nusu. Nyumba ilikuwa ya ghorofa mbili, ya manjano, na kweli ilikuwa na bustani. Muuguzi alikuwa binti mwenye sauti ya upole aliyemwita Otomar "bwana dereva" bila kuambiwa zaidi ya mara moja. Palikuwa na fomu, na Bohdana alisaini kila mahali palipowekwa alama. Chumba kilikuwa kidogo, safi, kitanda, kabati, meza, viti viwili, dirisha. Alipanga mashati ya kahawia kwenye kabati. Aliweka saa ya mezani, akaweka picha ya Radim na watoto. Alitoa sapatu za Otomar, zile za ngozi ya kondoo alizovaa nyumbani miaka yote, akaziweka kando ya kitanda. Vidole vyake vilifanya kazi vyenyewe. Otomar alizunguka chumba, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akafungua dirisha, akafunga, akafungua.

"Imejengwa vizuri," alisema.

"Nimesahau nini kingine?" Bohdana alijiuliza kwa sauti. "Begi la pili. Nalifuata garini, Ota. Narudi sasa hivi."

Alishuka ngazi, akavuka maegesho. Ndani ya gari palikuwa kimya, na kiti cha abiria mkanda umening'inia. Alichukua begi. Alisimama kidogo akaona kwamba moyoni bado hasikii kitu, na akawaza kwamba labda ndivyo itakavyokuwa, atakuja, ataondoka, atakula, atalala, na si vibaya, watu wanaishi hivyo. Akapanda tena.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Bila kufikiri, aligonga.

Otomar alifungua. Alikuwa ameshavaa sapatu zake, na viatu vyake vya nje vimepangwa kando ya mlango, kisigino kwa kisigino. Alikuwa ameingiza shati vizuri ndani ya suruali na kuchana nywele kwa maji. Alisimama katikati ya mlango wake, wima, mwenyeji mzima, na uso ukamfunguka.

"Aa, Danka! Karibu, karibu," alisema. "Ingia tu na viatu."

Neno hilo alimsikia akilisema miaka arobaini na mmoja. Alimwambia msoma mita. Alimwambia daktari, kasisi, fundi bomba, mchumba wa Radim siku ya kwanza. Ni adabu tu: mwenyeji anasema ingia na viatu, mgeni anakataa anavua, na wote wawili wanajua kwamba sakafu imepigwa deki. Yeye hakuwahi kuambiwa, hata siku moja, maana nani anamwambia hivyo mwenye nyumba? Alikuwa akiingia, anavitupa viatu vyake juu ya vya Otomar, anapita.

Ganzi ikamwachia. Ilimwachia kama inavyoachia mguu uliokaliwa muda mrefu, kwa kuchomachoma kama sindano, na iliuma kuliko kitu chochote alichokumbuka. Aliweka begi chini. Otomar alikuwa bado ameushika mlango, anatabasamu, anamsubiri.

"Hapana, Ota, navua," alisema Bohdana, kama wageni wote wanavyosema, "nisije nikakuchafulia." Akainama kufungua kamba, na ilimchukua muda, kwa sababu hakuwa anaziona.